Akiba ya Babu, Kanga za Bibi

Mwezi uliopita mama alinikabidhi kitabu cha benki cha babu. Kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi ya chama, cheti cha kliniki cha mtoto ambaye hakuna anayemkumbuka, na risiti ya redio ya mwaka 1971. Jalada limeliwa na mende upande mmoja, kwa hiyo jina la benki linasomeka nusu, na mie nitaliacha hivyohivyo. Kurasa za ndani ni nzima. Mstari wa kwanza ni wa mwaka 1959: shilingi 20. Mstari wa mwisho ni wa Agosti 1978, na salio lake, kwa ule mwandiko wa makarani wa zamani unaolala upande wa kulia, ni shilingi 8,340 na senti 15.

Mama hakunipa kitabu hiki kwa ajili ya kumbukumbu. Amestaafu ualimu mwaka jana, kiinua mgongo kimeingia, na watoto tumekubaliana kwamba mimi ndiye nimtafutie mahali pa kuziweka hizo fedha kabla hazijaisha kwa harusi na misiba ya watu. Nikafanya kazi yangu vizuri tu. Nikapita benki nne, nikauliza riba, makato ya mwezi, kiwango cha chini cha kufungulia akaunti, masharti ya kutoa fedha kabla ya muda. Nikamwandikia yote kwenye karatasi moja. Akaisoma kwa miwani, akaikunja, akaenda chumbani, akarudi na bahasha.

"Kasome hiki kwanza," akasema. "Halafu uje uniambie tena hayo mambo ya riba."

Nimekisoma. Na katika kukisoma nimejikuta narudi nyuma zaidi ya 1959, mpaka kwa mtu ambaye picha yake hatuna.

Shuleni tulifundishwa kwamba akiba haiozi. Aliyetufundisha methali hiyo alikuwa mama mwenyewe, darasa la nne, na hakuifafanua sana. Aliiandika ubaoni, tukainakili, tukaendelea na nyingine. Leo nikiifikiria naiona ni methali ya ajabu kidogo. Walioitunga hawakuwa na benki. Akiba yao ilikuwa mahindi darini, mtama ghalani, makopa ya muhogo, papa aliyekaushwa, na vyote hivyo huoza, huingia fukusi, huliwa na panya. Hakuna watu waliojua kuoza kwa akiba kuliko wao. Sasa walisema hivyo kwa kujifariji, au kwa kujisifu, au walikuwa na maana nyingine iliyotupotea njiani? Sijui. Ila kila kizazi katika ukoo wetu kiliiamini methali hiyo, na kila kizazi kilikuta kitu kimeoza, halafu kinachofuata kikatafuta chombo kingine.

Baba yake babu alikuwa mpagazi. Kabla ya hapo alilima Muheza, na kabla ya hapo hatujui. Vita vya 1914 vilipoanza alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, na kwa bahati ambayo maelfu ya wapagazi wenzake hawakuipata, alirudi akiwa hai. Alirudi na noti.

Hapa niseme kidogo kuhusu fedha za Mjerumani, maana wengi wetu tunazitaja kila siku bila kujua. Koloni lake lilitumia rupia, na chini ya rupia kulikuwa na pesa, neno lililokuja na sarafu ya Kihindi. Mwaka 1904 akabadilisha mahesabu: rupia moja ambayo ilikuwa pesa 64 ikawa heller 100. Heller hiyo ndiyo hela yetu. Mjerumani ameondoka zaidi ya miaka mia moja, sarafu yake imebaki kwa wauza vitu vya kale, lakini kijana wa Kariakoo akikuambia leo hana hela anaitaja sarafu hiyo bila kujua.

Vita vilipopamba moto Waingereza walifunga bahari. Meli za Ujerumani hazikuweza kuleta sarafu wala noti, na jeshi linahitaji kulipa: askari, wapagazi, wakulima wanaouza nafaka. Basi serikali ya kikoloni ikaanza kuchapa noti zake yenyewe, Dar es Salaam kisha Tabora. Ziliitwa noti za interim, yaani za muda, jina lenye ukweli kuliko walivyokusudia. Huko Tabora mwaka 1916 walifua pia sarafu, hata ya dhahabu ya Sekenke ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo sasa hivi wakusanyaji wa Ulaya wanaigombania. Wapagazi hawakulipwa tembo wa dhahabu. Walilipwa karatasi.

Baba yake babu aliziweka karatasi zake ndani ya chungu, akakifunika, akakichimbia. Vita vikaisha, Tanganyika ikawa ya Mwingereza, na noti zile zikawa za kuwashia moto. Hakuna aliyezipokea dukani. Babu alikuwa akihadithia kwamba aliziona kwa macho yake akiwa mtoto, zimepangwa vizuri, hazijaliwa hata na mchwa. Hilo ndilo lililomuuma. Chungu kilifanya kazi yake barabara, kilichokufa ni serikali iliyoandikwa juu ya noti.

Kwa hiyo babu hakuwahi kuamini chungu, wala kibubu, wala godoro. Alipopata kazi ya ukarani kwenye shamba la mkonge, akiwaandikia manamba vipande vyao (kipande ni ile kadi ya siku 30, hujaimaliza hujalipwa), jambo la kwanza alilofanya, kwa mujibu wa bibi, ni kufungua kitabu cha akiba. Bibi alikuwa akilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja mke mwenza.

Katika miaka hiyo mtu wa kawaida mwenye kutaka kuweka akiba alikuwa na njia moja kubwa, nayo ni Posta. Benki ya akiba ya Posta ilianza Tanganyika mwaka 1925. Benki za biashara zilikuwepo mijini, lakini zilijengwa kwa ajili ya mashamba makubwa, makampuni na wafanyabiashara. Mkulima au karani hakuwa mteja wao hasa. Posta ilikuwa na madirisha mengi na ilipokea kidogo kidogo. Unapeleka kitabu, karani anaandika, anagonga muhuri, anakurudishia. Kuna neno letu la tendo hilo ninalolipenda kuliko yote: kudunduliza. Ukilitamka polepole unasikia sarafu zikidondoka.

Kitabu cha babu ni kitabu cha kudunduliza hasa. Shilingi 20, 15, 30, miezi miwili kimya, 40. Mwaka 1963 alitoa 300 kwa mpigo, na najua zilikwenda wapi, maana ndio mwaka mama alipopelekwa shule. Nikiandika sasa hivi kitabu kiko mbele yangu, na kinachonishangaza zaidi ni utaratibu wa mtu huyu. Mie nina simu inayoniwekea akiba yenyewe kila tarehe 25 na bado naichomoa kabla ya tarehe 2.

Na alikuwa na sababu ya kuamini. Hili lazima lisemwe, kwa sababu ni rahisi leo kumcheka. Shilingi aliyoanza nayo ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyofungamana na pauni na kuwa na dhamana yake London. Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa na shilingi ikawa yetu. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na siku moja baadaye benki za biashara zikataifishwa, zikaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Wenye wasiwasi walisema sasa fedha za watu zimekwisha. Babu alisubiri. Kitabu kikabaki kitabu, salio likabaki salio, karani akaendelea kugonga muhuri. Halafu Novemba mwaka huohuo Uingereza ikashusha thamani ya pauni, na Tanzania ikakataa kuifuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Yaani karani mweusi wa Muheza aliyeweka shilingi zake alikuwa amemshinda Mzungu aliyeweka pauni. Bibi alisema babu alilitaja jambo hilo mezani kwa miaka kumi.

Ilipofika Agosti 1978 babu alitaka mabati. Nyumba ilikuwa ya makuti, na shilingi 8,340 zilitosha bati, misumari na fundi, na zingebaki. Alikwenda Tanga mjini. Hakuna mabati. Akaambiwa arudi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera.

Msomaji wa umri wangu ameisikia hadithi ya miaka hiyo mara nyingi, kwa hiyo nitaipitia haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vilikula fedha za kigeni. Mafuta yakapanda bei 1979. Mazao ya kuuza nje yakashuka. Viwanda vikakosa malighafi, maduka yakakosa sabuni. Mwaka huo wa 1979 Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati huo waziri wa fedha, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya IMF, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Shilingi ikabaki na thamani nzuri kwenye karatasi na mbaya kichochoroni.

Ninachotaka kukikalia zaidi ni hesabu, kwa sababu ndiyo iliyomla babu bila kelele. Miaka mingi ya muongo wa 1980 bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Katikati ya muongo ule riba ya akiba haikuvuka asilimia 10. Chukua mtu mwenye shilingi 100 benki kwa riba ya asilimia 10, mwache atulie miaka kumi bila kugusa: atakuta 259. Atafurahi. Halafu aende dukani akanunue kitu kilichokuwa 100 siku alipoanza, bei yake ikiwa imepanda asilimia 30 kila mwaka: atakikuta 1,379. Hajaibiwa hata senti. Kitabu kinaonyesha ameongezeka, kumbe ananunua chini ya moja ya tano ya alichoweza kununua mwanzo.

Ukipenda kuitazama kwa dola, mwaka 1978 dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 8. Salio la babu lilikuwa zaidi ya dola elfu moja. Katikati ya 1986, Mwalimu ameshang'atuka na Mzee Mwinyi amekubaliana na IMF, dola ilitoka shilingi 17 hadi 40. Mwaka 1995 ilipita 550. Dola elfu moja ya babu ilikuwa imebaki 15 hivi, ukiacha riba. Leo shilingi 8,340 ni robo kuku, chipsi na soda.

Niliwahi kumuuliza mama kwa nini babu hakuzitoa mapema, anunue chochote, hata ng'ombe. Akasema alikuwa akisubiri hali itulie. Pia kulikuwa na aibu. Mtu wa chama, mwenye kadi ya TANU na baadaye ya CCM, kukimbilia dukani kurundika bidhaa kulikuwa kama kuutangazia mtaa kwamba huiamini serikali yako. Babu aliona kuacha fedha benki ni uzalendo. Sidhani alikosea kufikiri hivyo, ila uzalendo haukumwezekea nyumba.

Nyumba iliezekwa na bibi.

Bibi yangu hakujua kusoma mpaka alipoingia elimu ya watu wazima, na hata hapo alijifunza kwa hasira. Hakuwahi kuingia benki. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani yake kanga. Za Urafiki, za India, za magendo kutoka Mombasa kupitia Horohoro wakati mpaka umefungwa. Kila alipouza nazi au alipopokea mchezo, alinunua doti moja. Alizipanga kwa majani makavu ya mwarobaini na karafuu mbilimbili kwenye kila pindo, kwa ajili ya wadudu. Mie nilipokuwa mdogo nilipenda kuingiza kichwa humo kunusa. "Toka huko, mume wangu," alikuwa akiniambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu wa kiume, "hiyo mahari yangu mwenyewe."

Wanaume wa nyumba ile hawakuihesabu kanga kuwa ni akiba. Ilikuwa mambo ya kike, mapambo. Lakini fikiria kanga ni kitu gani katika Tanzania ya 1981. Kila mwanamke anaihitaji: ya kuvaa, ya kubebea mtoto, ya kuzalia, ya kuzikia. Haipatikani dukani. Haiozi ukiitunza. Inagawanyika, unaweza kuuza doti moja leo na kubaki na 39. Na bei yake inapanda pamoja na bei ya unga, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wanakutana ukumbini kwa bibi na hakuna mtu wa wizara anayewapangia. Mtaalamu wa uchumi angetumia ukurasa mzima kuieleza mali ya namna hii. Bibi alisema tu, "Karatasi haivaliki."

Sitaki kumfanya bibi awe nabii. Sanduku lake nusura limfunge. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Ilikuwa vita iliyopendwa na watu wengi, kwa sababu walanguzi walikuwepo kweli na watu walikuwa wamechoka kweli. Lakini msako hauna macho ya kutofautisha ghala la mlanguzi na sanduku la bibi. Usiku watu walitupa vitu: sabuni visimani, mabati porini. Kwetu ilikuja habari kwamba wanapita nyumba kwa nyumba.

Kanga mpya huuzwa mbili zikiwa zimeungana. Mwenye kununua ndiye huzikata na kuzipinda. Doti isiyokatwa ni bidhaa, na doti iliyokatwa ni nguo ya mtu. Usiku huo bibi, mama na wifi zake wawili walikaa chini na taa ya kibatari wakakata doti zote na kuzipinda kwa mkono. Mama anasema walipofika asubuhi vidole vilikuwa vimevimba. Wakazilowesha kisimani, wakazianika, zikapoteza ile gamu ya upya. Nyingine wakazivaa, moja juu ya nyingine. Babu alikuwa amekaa barazani na kitabu chake cha benki mfukoni, mtu safi asiye na cha kuficha, akisikiliza mkasi ukifanya kazi.

Hakuja mtu. Lakini kanga zilizokatwa zilishuka bei, na bibi alihesabu hasara ile mpaka anaingia kaburini. Hata hivyo, hasara yake ilikuwa ya sehemu tu. Bajeti ya 1984 ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yakaanza kupumua, na ilipofika enzi ya ruksa mabati yakarudi Tanga. Bibi aliuza zilizobaki, akaongeza mchezo wake wa wanawake kumi na wawili, akaezeka vyumba viwili na ukumbi. Jiko likabaki la makuti.

Mchezo huo ndio upatu. Kamusi inakuambia upatu ni sahani ya shaba ya kugongwa. Watu wa pwani wanakuambia ni kuchangiana kwa zamu. Mnakaa kumi na wawili, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anapokea chote, mwezi ujao mwingine. Hakuna riba wala mlinzi, dhamana ni uso wa mtu. Jina hili zuri limeharibiwa siku hizi kwa sababu sheria na magazeti yanalitumia kwa zile piramidi, kama DECI iliyofungwa mwaka 2009, ambapo watu waliambiwa wapande mbegu na wengi hawakuvuna. Bibi angewauliza swali moja tu: wenzako kwenye mchezo unawajua majina? VICOBA ya leo iko karibu zaidi na ya kwake. Mfumo wake unatokana na vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Sanduku la bibi lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo alifunga kwenye pindo la kanga aliyovaa.

Basi nikarudi kwa mama na karatasi yangu ya riba, nikiwa mpole zaidi.

Nilimweleza kwamba kizazi cha babu hakikuwa na cha kuchagua. Tangu 1967 mwenye akiba Tanzania Bara alikuwa na NBC, Posta, na baadaye Benki ya Nyumba, basi. Sheria ya 1991 ndiyo iliyofungua mlango kwa benki binafsi. Akaniambia anakumbuka mlango ulivyofunguka: Meridien Biao ilikuja 1993 na vioo vyake, ikafa 1995, mwaka uleule Benki ya Nyumba nayo ikafungwa. Mwalimu mstaafu hasahau tarehe. Nikamwambia siku hizi kuna Bodi ya Bima ya Amana. Akauliza inalipa kiasi gani. Nikamwambia Januari 2018, Benki Kuu ilipofunga benki ndogo tano kwa siku moja, kiwango cha juu kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mteja, na sasa ni milioni 7.5. Akatazama dari. "Kwa hiyo nikiweka zaidi ya hapo, kilichozidi nimemwachia Mungu."

Si hivyo hasa, nikasema, anayezidi hudai kwenye mufilisi. Hakunijibu, akamimina chai.

Simu hazitaki hata kuzisikia. Alikuwa nazo vizuri, M-Pesa tangu ilipoingia huku 2008, akawa anaweka akiba ya shule za wajukuu humo, mpaka Julai 2021 zilipokuja tozo za miamala. Zilipunguzwa baadaye, lakini kwa mama lilishakuwa kama bati lililovuja mara moja. Unaziba, ila godoro umeshalihamisha.

Nilipofika kwenye mfumuko wa bei ndipo alipovua miwani na kusikiliza. Akaunti ya kawaida ya akiba inatoa asilimia chache, na bei zimekuwa zikipanda asilimia 3 au 4 kwa mwaka. Hapo fedha inakaa palepale au inarudi nyuma kwa hatua ndogo. Ya muda maalumu, miezi 12, inakaribia asilimia 8 au zaidi kidogo, ukiondoa kodi ya asilimia 10 ya hiyo riba. Mifuko ya UTT, ambayo ule wa Umoja ulianza 2005, na hati fungani za serikali zinaweza kupita hapo. Nikamchorea. Yeye akachukua kalamu yangu, akageuza karatasi, na kwa mwandiko wake wa ubaoni akafanya ile hesabu ya 259 na 1,379, peke yake, bila kikokotoo. Nikamuuliza ameijua lini.

"Tangu 1986," akasema. "Unadhani nilikwenda kusomea hesabu chuoni kwa nini?"

Miaka yote hiyo nilidhani mama haelewi riba.

Mwishowe aligawa. Kiasi kisichofika milioni 7.5 akaweka benki moja kwa miezi 12, kingine kama hicho benki nyingine. Sehemu UTT. Sehemu VICOBA ya kanisani kwa jirani, ambako yeye Mwislamu ndiye mweka hazina. Zilizobaki ni tofali 2,000, ambazo nilizipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu tofali hazilipi riba na haziuziki haraka ukiugua usiku. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda kulipa fundi. Bado naamini nilikuwa sahihi juu ya tofali.

Siku ya kufungua akaunti nilimsindikiza. Kijana wa dirishani, mpole, akamshikamoo, akamaliza fomu, akampa kadi. Mama akasubiri. Kijana akauliza kama kuna kingine.

"Kitabu," mama akasema.

"Vitabu hatutoi tena, mama. Utapata ujumbe kwenye simu."

Tulipotoka aliingia duka la vifaa vya shule akanunua daftari la mistari, la jalada gumu. Usiku nilimkuta mezani amepiga rula safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio, sawasawa na kitabu cha babu kilichokuwa kimefunguliwa pembeni. Alikuwa ameandika benki ya kwanza na ya pili, UTT, VICOBA, tofali. Chini yake, kwa kalamu hiyohiyo: mbuzi 3, wako kwa dada Mkanyageni. Kanga doti 6, hazijakatwa.